Kuchukua faili bila seva kujua ni lipi

Mwekezaji anayefungua bei ya hisa za kampuni ileile kila asubuhi ameshajianika. Mwenye seva hana haja ya kumwibia nywila. Anayasoma maombi yake tu na kujua anawinda nini. Kuufunga ujumbe kwa usimbaji fiche njiani hakumfai kitu, maana anayejibu ndiye anayechungulia.

Mwaka 1995 Benny Chor, Oded Goldreich, Eyal Kushilevitz na Madhu Sudan waliliweka suala hilo kihisabati. Ukitaka siri kamili kwenye seva moja, walionyesha, hakuna njia nafuu kuliko kupakua kila kitu kilichomo. Lakini nakala zikiwa kwenye seva mbili zisizoambiana, kuna ujanja.

Shida ni kwamba nakala zinakula diski. Vituo vikubwa vya data hupendelea misimbo, hasa ule wa Irving Reed na Gustave Solomon wa mwaka 1960. Facebook ilipoueleza mfumo wake wa f4 mwaka 2014, ilisema data hugawanywa vipande 10, kisha huongezwa 4 vya hesabu. Vyovyote 4 vikipotea, 10 vilivyobaki vinatosha kurudisha data yote. Ndani ya kituo kimoja nafasi inayoliwa ni mara 1.4 ya data yenyewe. Nakala tatu zingekula mara 3, na zingestahimili kupotea kwa mbili tu.

Je, ombi linafichika pale ambapo hakuna seva yenye faili zima? Linafichika. Chukua seva tatu: A ina nusu ya kwanza ya kila faili, B nusu ya pili, C jumla ya nusu hizo. Jumla yenyewe ni ya biti kwa biti, ambapo 1 na 1 ni 0, hivyo kitu kikijumlishwa na pacha wake vyote viwili vinafutika. Mafaili ni matano, nawe unataka la 3. Rusha sarafu kwa kila faili. Tuseme imechagua la 1 na la 4. A na B waombe wajumlishe walichonacho cha 1 na 4. C mwombe ajumlishe 1, 3 na 4. (Sarafu ingelichagua la 3, kwa C ungeliondoa.) Yajumlishe majibu matatu: ya 1 na 4 yanafutana, inabaki jumla ya nusu mbili za faili la 3. Rudia kwa sarafu mpya, safari hii la 3 ukilichomeka kwa A, na utapata nusu ya kwanza peke yake. Ya pili unaitoa kwenye jumla uliyokwisha kuipata. Kila seva imeona orodha mbili za bahati nasibu, basi.

Gharama? Umepakua nusu sita ili upate mbili, yaani mara 3 ya faili. Karim Banawan na Sennur Ulukus walithibitisha mwaka 2018 kwamba mafaili yakiwa mengi huwezi kushuka chini ya hapo. Kwa msimbo wa 10 na 4, kiwango hicho ni mara 3.5, kwa nakala tatu, 1.5. Ulichookoa kwenye diski unakilipa kwenye mtandao.

Mimi bei hiyo naiona ya haki. Kinachonitia wasiwasi ni sharti la seva kutoambiana. Mwaka 2017 Ragnar Freij-Hollanti, Oliver Gnilke, Camilla Hollanti na David Karpuk walibuni njia inayostahimili njama za seva kadhaa, ila bili inapanda: kwenye msimbo wa 10 na 4, zikila njama seva 4 unapakua mara 14, na zikifika 5 njia hiyo haifanyi kazi tena. Sasa mashine zote 14 za mfumo kama f4 ni za kampuni moja. Hapo hakuna hata haja ya njama.

Ndiyo maana faragha ya aina hii iliyoingia kwenye simu za watu imepita njia nyingine, iliyofunguliwa na Kushilevitz na Rafail Ostrovsky mwaka 1997: seva moja inayokokotoa juu ya ombi lililofungwa bila kulifungua. Apple iliitumia kwenye iOS 18, mwaka 2024, simu iulize namba inayopiga ni ya nani bila seva kuijua namba hiyo. Siri yake inategemea ugumu wa hesabu, na seva hulazimika kuipitia hifadhidata yake, maana itakachokiruka itajua hakikuombwa.