AVIO NA NYAMA WA KIWANJANI

Katika Kiswahili "ndege" ni jina la mwenye manyoya na la chombo cha chuma pia. Hapa chombo nitakiita avio, tusichanganye. Hao wawili wakikutana, ni hatari.

Je, nyama wanatafuta nini kiwanjani? Chakula tu. Majani mafupi yanaita mbuzi na ng'ombe. Mvua ikinyesha, kumbikumbi wanatoka, na mwewe na yangeyange wanawafuata. Takataka zikitupwa karibu, korongo wanakuja. Na sisi wa Kavimvira, tulio karibu na ziwa na mto Ruzizi, tunamjua kiboko: usiku anatoka majini kwenda kula majani, na uzito wake unapita kilo 1.000.

Wengine watasema: mbuzi ni kitu gane mbele ya avio? Tukumbuke somo la fizikia. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya pigo inakuwa mara nne. Avio ndogo kama Cessna 206 inatua na mwendo wa kilometa 100 na zaidi kwa saa. Ikigonga mbuzi, gurudumu la mbele linaweza kuvunjika, na lile panga linalozunguka mbele likapindika. Piloti akikwepa, anaweza kutoka njiani na kuanguka mtaroni. Akitaka kupanda tena, pengine kiwanja kimekwisha.

Mambo haya yametokea kweli. Tarehe 10 Januari 1959, kule Serengeti, Michael Grzimek alikuwa peke yake angani katika avio ndogo iliyopakwa milia ya punda milia. Tumbusi mmoja akagonga bawa, avio ikaanguka, naye akafa. Hata avio kubwa haziponi: tarehe 15 Septemba 1988, huko Bahir Dar, Ethiopia, Boeing 737 ilipokuwa ikipanda, njiwa wengi waliingia katika moteri zake mbili. Watu 35 walikufa kati ya 104.

Ndiyo sababu piloti anayefika kwenye kiwanja cha kijijini mara nyingi anapita kwanza chini chini bila kutua. Hachezi, wala hasalimii watoto! Anafukuza nyama na kutazama kama njia ni wazi.

Basi sisi tufanye nini?
1. Tusichunge wala tusifunge mbuzi kiwanjani, hata siku isiyo na avio.
2. Tusitupe takataka wala matumbo ya samaki pale karibu.
3. Tukisikia mlio, tusikimbie kuvuka njia. Nyama aliye ng'ambo afukuzwe na walio ng'ambo.
4. Tukiona shimo au kinyesi cha kiboko asubuhi, tumwambie mlinzi mbele avio haijafika.

Cessna 206 ina viti 6, na pengine katika kimoja amelala mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mbuzi ana bei yake sokoni, lakini roho ya mtu haina bei. Mwambieni na mdogo wenu anayechunga.