Jina la Biashara Linapotumiwa kama Kitenzi katika Kiswahili

1. Utangulizi

Kiswahili kina mazoea ya muda mrefu ya kupokea majina ya bidhaa na kuyafanya maneno ya kawaida. Nchini Tanzania chombo cha abiria chenye magurudumu matatu huitwa bajaji, kutokana na kampuni ya Bajaj ya India, hata kinapokuwa kimeundwa na kampuni nyingine. Vivyo hivyo mtambo wa kusawazisha barabara huitwa katapila, kutokana na Caterpillar ya Marekani. Maneno hayo ni nomino, nayo hayajaleta ubishi mkubwa. Swali gumu zaidi ni hili: je, jina la biashara lafaa kutumiwa kama kitenzi cha kila siku? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuangalia kwanza sarufi, kisha sheria, na mwisho mawasiliano.

2. Msimamo wa sarufi

Nomino ngeni huingia katika Kiswahili kwa urahisi. Kitenzi hudai zaidi, kwani mzizi wake hauna budi kubeba viambishi vya nafsi, wakati na mtendwa, pamoja na vinyambuo. Hata hivyo, mlango haukufungwa. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama kusafiri, kusamehe na kujibu vimebaki na irabu zake za mwisho, na bado hunyambuliwa: safirisha, samehewa, jibiwa. Kuripoti na kuprinti vimefuata njia hiyo hiyo. Katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki, vitenzi vya Kifaransa vinavyoishia kwa -er hupewa irabu e, kama katika kubipe, yaani kumwita mtu kwa simu na kukata kabla hajapokea. Kwa hiyo sarufi haina la kuzuia katika kugoogle, ambacho baadhi ya watu hukiandika kugugo.

Lakini Kiswahili kina njia ya pili, nayo ndiyo kinayoipendelea mara nyingi: kuliacha jina libaki nomino na kulitanguliza kitenzi chenye maana pana. Ndivyo tunavyopata kupiga pasi, kupiga picha na kupiga simu. Dawa ya viatu ya Kiwi, iliyoanza kuuzwa Australia mwaka 1906, imetupatia kupiga kiwi. Kazi ya kitenzi inafanywa na kupiga, si na jina.

Mfano ulio wazi zaidi ni M-Pesa. Watumiaji husema “nitumie M-Pesa”, na ni nadra jina lenyewe kunyambuliwa. Sababu mojawapo inaweza kuonekana katika umbo la jina. Herufi ya kwanza hutamkwa “em”, lakini ikiingizwa ndani ya kitenzi ingefanana na kiambishi m- cha mtendwa, kama katika nimempa. Msikilizaji angetafuta mtu aliyetendewa, kumbe hakuna.

3. Msimamo wa sheria

Wenye kampuni huogopa jina lao kugeuka neno la wote, kwa maana sheria inaweza kuwanyang'anya haki ya kulimiliki. Neno aspirini ni ushahidi: kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilisajili jina Aspirin mwaka 1899, lakini mahakama ya Marekani iliamua mwaka 1921 kwamba kwa wanunuzi wa kawaida jina hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina la dawa yenyewe. Kwa upande mwingine, mwaka 2017 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kutumia google kama kitenzi hakutoshi, peke yake, kuifanya kampuni ipoteze jina lake.

Hoja hiyo ni ya wafanyabiashara. Sheria ya alama za biashara huwazuia washindani kuuza kwa jina la mwingine. Haimzuii msemaji kunena. Isitoshe, kampuni nazo hukopa kwa wasemaji. Safaricom ya Kenya ilikiita Sambaza huduma yake ya kugawa muda wa maongezi, ilhali kusambaza ni kitenzi cha Waswahili wote. Na ndani ya M-Pesa limo neno pesa.

4. Msimamo wa mawasiliano

Kipimo kinachofaa zaidi ni uelewano. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2012. Lakini nchini Kongo zipo pia Airtel Money na Orange Money. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kindu anayemwandikia mzazi wake kijijini, “Baba, nitumie M-Pesa ya masomo,” naye akimaanisha pesa kwa njia yoyote ya simu. Mzazi mwenye akaunti ya Airtel Money anaweza kudhani kwamba yake haifai, akatafuta mtu wa kumtumia, na siku ya mwisho ya kulipa ikapita. Anayesema “nimegoogle” baada ya kutafuta kwa mtambo mwingine hajamdhuru mtu. Hapa jina moja lililotumiwa kwa huduma zote limegharimu.

5. Hitimisho

Yafuata kwamba jibu hutegemea mahali neno linapotumika. Katika mazungumzo, na katika usemi wa wahusika wa riwaya na tamthilia, jina la biashara liachwe huru. Kamusi nazo ziliingize likishaenea, na kueleza asili yake. Kuorodhesha si kusifu. Lakini katika matangazo, mitihani, mikataba na maelekezo ya malipo, kitenzi cha jumla ndicho kitangulie: “tuma pesa kwa simu”, kisha zitajwe huduma zote zinazokubaliwa. Kiswahili tayari kina kutuma, kutafuta na kupiga. Jina la kampuni likaribishwe kama mgeni, bali kitenzi kibaki cha wenyeji.