Aru: Mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati si mvivu darasani

Katika shule za msingi, huko Aru kama kwingine jimboni Ituri, kuna watoto wenye mwandiko unaopotea nje ya mistari, wanaochelewa kufunga vifungo vya shati na wanaoachwa pembeni kwenye mpira. Wanaitwa wavivu, na wengine wanapigwa fimbo. Kwa baadhi yao, sababu ni kwamba walizaliwa mbele ya wakati.

Mimba inachukua karibu wiki 40. Kwa Shirika la Afya Duniani (OMS), mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia amezaliwa mbele ya wakati. Mwaka 2020 walikuwa karibu milioni 13.4 duniani, ni kusema mmoja kwa kumi. Malaria ya mama mjamzito, tansio kupanda na mimba ya mapacha ni kati ya sababu.

Je, inagusa vipi mikono na miguu? Wiki za mwisho tumboni, ubongo unakua kwa kasi, hasa sehemu ya nyuma inayosaidia mtu kusimama imara na kupanga miendo. Mtoto akitoka mapema, kazi hiyo inaendelea nje, huku akipambana na baridi na pumzi. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32.

Wengi wanatembea vizuri. Ugumu unaonekana pale shule inapodai kushika biki, kukata karatasi au kuruka kwa mguu mmoja. Akili ipo: mtoto anajua jibu, ila mkono haufuati haraka.

Mzazi amwambie mwalimu mapema. Mwalimu naye ampe mtoto muda zaidi na amruhusu kujibu kwa mdomo. Nyumbani, kila siku kidogo: kuchambua maharagwe, kupukuchua mahindi, kuchora mchangani, kuruka kamba.

Mtoto akitembea kwa ncha za vidole, akiwa na upande mmoja dhaifu, au akianguka kila mara, apelekwe kituo cha afya. Akipoteza uwezo aliokuwa nao, asicheleweshwe hata siku moja.

Kwa wanaozaliwa leo, msaada unaanza kifuani. Kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, njia iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kunaokoa maisha. Tangu 2022, OMS inashauri kuanza mara tu baada ya kuzaliwa. Baba pia anaweza kumbeba.