Raba Ndogo Iokoayo Gari Zima

Mtu atokaye Fuma, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni vilivyo kusini ya Kismayo, hahitaji kuelezwa maana ya ufa. Amekua akiwaona mafundi wakikalafati mashua: pamba iliyolowekwa sifa hushindiliwa baina ya mbao, kwa kuwa tundu lisiloonekana ufukweni ndilo lizamishalo chombo kilindini. Lakini samaki wake wakishafikishwa Kismayo na kupakiwa garini, usalama wao hutegemea kinga nyingine ndogo: raba iliyofunika kiungo cha ekseli, ambayo mafundi huiita buti.

Kazi ya kiungo

Katika gari livutwalo na magurudumu ya mbele, magurudumu hayohayo hukata kona na hupanda na kushuka pamoja na barabara. Hapana budi basi ekseli iweze kupinda huku ikizunguka, bila kupunguza mwendo wala kurukaruka. Tatizo hili lilimshughulisha mhandisi Alfred Rzeppa wa Marekani katika miaka ya 1920. Akabuni kiungo chenye gololi sita za chuma zitembeazo katika mifereji iliyochongwa. Gari la Mini, lililotolewa Uingereza mwaka 1959, lilisaidia kueneza kiungo cha aina hiyo ulimwenguni. Gereji zetu hukiita siivi jointi.

Gololi hizo huishi kwa grisi, na kinachoishikilia grisi ni ile raba yenye mikunjo. Jua, joto na umri huikausha, mawe huichana. Ikishapasuka, mzunguko wa gurudumu huitupa grisi nje, na mchanga na maji ya chumvi huingia. Mchanga uliochanganyika na grisi hula chuma kama tupa.

Dalili zake

Dalili ya kwanza haina sauti: grisi nyeusi iliyotapakaa upande wa ndani wa gurudumu. Dereva aionapo mapema, aghalabu hununua raba, vibano na grisi tu. Dalili ya pili ni mgongano, tak-tak-tak, usukani ukikunjwa hadi mwisho. Hapo kiungo kimekwisha kulika, na raba mpya haitakiponya. Ni lazima kinunuliwe kiungo kingine, ambacho bei yake huipita mbali ile ya raba.

Namna ya kubadilisha

Kwanza nati kubwa ya katikati ya gurudumu ilegezwe gari likiwa bado chini, breki zikiwa zimefungwa. Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, na magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo. Asithubutu mtu kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Gurudumu likiondolewa, fundi huachanisha kiungo cha chini cha mkono wa gurudumu, akaichomoa ekseli, akitega chombo cha kukinga mafuta ya giaboksi. Hukata vibano na raba kuukuu, kisha hukigonga kiungo taratibu kwa nyundo laini hadi pete iliyokizuia iachie. Kiungo huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabisa. Sasa gololi na mifereji ichunguzwe kwa makini: vikionekana vishimo au michubuko, kiungo hakifai tena.

Kikiwa kizima, raba mpya na kibano chake kidogo huvishwa katika ekseli kwanza, ndipo kiungo kirudishwe kwa pete mpya. Wengi hukosea hapa, wakagundua kazi imekwisha na raba ingali mkononi! Grisi iwe ile maalumu yenye molibdeni, kwa kipimo alichoagiza mtengenezaji. Hewa iliyozidi itolewe, vibano vikazwe, na nati ikazwe kama kitabu cha gari kisemavyo. Katika magari mengi nati hiyo huwa mpya.

Kuzungushia raba iliyochanika ukanda wa mpira wa ndani wa tairi huweza kumfikisha msafiri nyumbani, lakini si matengenezo. Mchanga uliokwisha kuingia humo utaendelea na kazi yake.

Usipoziba ufa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dereva wa pwani apitaye mchangani na ainame kila aoshapo gari, aitazame mikunjo ya raba na kuibonyeza kwa kidole. Kazi hiyo haizidi dakika chache. Ekseli ikishindwa njiani mbali na mji, barafu huyeyuka, na samaki walioletwa kwa tanga na jasho hawamngoji fundi. Hasara hiyo haimwangukii mwenye gari peke yake, bali humrudia hata mvuvi aliyekwisha kurejea kisiwani.