Feni ya Bafuni Ipewe Swichi Yake

Katika nyumba nyingi zinazojengwa mijini siku hizi, bafu na choo vimo ndani, jirani na vyumba vya kulala. Pale ambapo dirisha ni dogo au halipo kabisa, mwenye nyumba huweka feni ya kutolea hewa. Jambo hilo ni jema. Kasoro huja katika uungaji wake: mara nyingi feni na taa huunganishwa kwenye swichi moja, taa ikiwaka feni huzunguka, na ikizimwa nayo husimama.

Tunaona kuwa mpango huo huchanganya kazi mbili zisizofanana. Taa humhudumia mtu; akitoka, kazi yake imekwisha. Feni hukihudumia chumba. Mtu amalizapo kuoga, mvuke ungali umetanda na kuta zinachuruzika. Hapo ndipo feni inapohitajika zaidi, na ndipo tunapoizima. Unyevu usipotoka, kuvu huota katika pembe za dari, nayo huwadhuru hasa wenye pumu.

Upande wa pili nao una usumbufu wake. Anayeamka kabla ya alfajiri kutawadha huhitaji mwanga wa dakika chache tu, lakini mngurumo wa feni humwamsha mtoto mchanga katika chumba cha jirani.

Ufumbuzi wake si mgumu. Swichi ya kitufe kimoja hubadilishwa kwa ya vitufe viwili, na feni ikavutiwa waya wake wa moto kutoka kitufe chake yenyewe. Njia nyingine ni feni yenye kipima muda, ambayo huendelea kuzunguka, tuseme dakika 15, baada ya taa kuzimwa. Hiyo huhitaji pia waya wa moto wa kudumu, mbali na ule utokao kwenye swichi ya taa. Wanaochelea gharama na wapige hesabu: feni ya wati 15 ikizunguka saa moja kila siku, hutumia chini ya nusu uniti kwa siku 30.

Hata hivyo, ipo hatari ambayo familia haina budi kuijua. Feni ikishatenganishwa, kuzima taa hakuondoi umeme katika feni. Aliyezoea kuzima taa kisha akapanda ngazi kuisafisha, anaweza kugusa waya wenye volti 230 akiwa amesimama juu ya sakafu yenye maji. Kwa hiyo kila mtu nyumbani aelezwe kwamba feni haifunguliwi kabla swichi kuu haijazimwa. Swichi za bafu ziwekwe nje ya mlango, na nyumba iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Kazi yenyewe apewe fundi mwenye leseni. Kwa Tanzania Bara, leseni hiyo hutolewa na EWURA.

Fundi akiwapo, aulizwe mambo mawili zaidi. Je, bomba la feni linatoka nje ya nyumba, au linamwaga mvuke darini na kuozesha mbao? Na je, chini ya mlango pana upenyo wa sentimita moja hivi wa kuingizia hewa? Feni haiwezi kutoa hewa chumbani ikiwa hakuna nyingine inayoingia.