Mpangilio wa Andiko la Utafiti: Mfano wa Mto Katuma

Andiko la utafiti ni maandishi ambayo mwanafunzi wa shahada ya uzamili au ya uzamivu huyatoa kabla ya kuanza kazi yake, ili aeleze anataka kujua nini, kwa sababu gani na kwa njia ipi. Wengi huliona kuwa ni fomu yenye vichwa vya kujazwa. Dhana hiyo huzaa maandiko yanayopendeza machoni lakini hayatekelezeki. Mfano wa Mkoa wa Katavi waweza kulifafanua jambo hili.

Mto Katuma hupita katika mashamba ya mpunga ya eneo la Mpanda, kisha huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyopata hadhi hiyo mwaka 1974. Humo hulisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Wakati wa kiangazi viboko husongamana katika madimbwi yaliyosalia. Tangu miaka ya 2000 imeripotiwa mara kadhaa kwamba mto huo hukauka katika majira hayo.

Mwanafunzi anayetaka kulichunguza jambo hili huweza kuandika kichwa hiki: "Uchunguzi wa Hali ya Maji katika Mto Katuma". Kichwa hicho hakina swali ndani yake, na kwa hiyo hakuna kipimo kinachoweza kukijibu. Afadhali aulize: je, katika kiangazi, maji yanayochepushwa kwenda mashambani hupunguza kwa kiasi gani yale yanayoingia hifadhini? Swali likiwa hivyo, sura nyingine hupata kazi ya kufanya.

Mapitio ya maandishi yaliyotangulia, kwa mfano, hayawi tena orodha ya nani alisema nini. Kazi yake huwa kukusanya sababu zote zinazoweza kueleza upungufu huo: mvua haba, ukataji wa miti, mchanga unaojaza mkondo, na mifereji. Andiko linalomtaja mkulima peke yake tangu ukurasa wa kwanza limekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi, na hukumu ya namna hiyo yaweza kuigharimu familia chakula chake. Andiko linalomsahau mkulima nalo lina kasoro iyo hiyo.

Baada ya hapo huja nadharia tete, yaani jibu la muda linaloweza kuthibitika kuwa si kweli, na mbinu za kulipima. Hapa ndipo maandiko mengi huanguka. Kusema "maji yatapimwa" hakutoshi. Tuseme mkondo una upana wa mita 4, kina cha wastani cha sentimita 50, na kipande cha mti kinachoelea husafiri mita 3 kwa sekunde 10. Eneo la mkato ni mita za mraba 2. Likizidishwa kwa mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde, hupatikana lita 600 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, hesabu hiyo kwa kawaida huzidishwa kwa 0.85 hivi, nayo hushuka hadi lita 510. Kipimo hicho huchukuliwa juu ya mashamba, ndani ya mifereji, na chini ya mashamba, siku ile ile. Huhitajika pia sehemu ya mto isiyo na mashamba, ili ijulikane ni maji kiasi gani hupotea kwa kunywea ardhini na kwa mvuke. Ikiwa mto umekwisha kupungua kabla ya kufika kwenye mfereji wa kwanza, nadharia tete imetikisika. (Mahali pa kupimia pachaguliwe pamoja na askari wa hifadhi: kiboko hasomi ratiba.)

Ratiba yenyewe hufuata mvua. Katavi hupata mvua takribani kuanzia Novemba hadi Aprili. Anayepanga miezi 3 tu kuanzia Februari hatakiona kiangazi anachokiandikia. Muda wa kupata vibali nao uhesabiwe. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori zina taratibu zake, nazo hazikamiliki kwa wiki moja.

Kuhusu umbo, kila chuo kina mwongozo wake. Ufuatwe bila ubishi. Pambizo ya kushoto huwa pana kwa ajili ya jalada, kurasa za mwanzo hupewa namba za Kirumi, na ikisiri, ijapokuwa husomwa kwanza, huandikwa mwisho.

Utafiti ukikamilika, andiko hugeuka kuwa tasnifu. Sura ya mbinu hubaki, ila "-ta-" huwa "-li-": "yatapimwa" huwa "yalipimwa". Mahali ambapo mpango ulibadilika huelezwa waziwazi. Huongezwa matokeo, kisha mjadala, na mambo haya mawili hayachanganywi: lita 510 ni matokeo, lakini kusema mfereji ndio uliozichukua nyingine ni mjadala. Jedwali la vipimo vya kila siku huwekwa katika kiambatisho, pamoja na siku ambazo kipimo hakikuchukuliwa, na sababu yake.