Walianza na Mlima, Si na Sura

Video ilianza kusambaa Julai 2018. Wanajeshi wanawaswaga wanawake wawili kwenye njia ya vumbi. Mmoja ana mtoto mchanga mgongoni, mwingine yuko na binti mdogo. Wanafungwa vitambaa machoni, kisha wanapigwa risasi wote wanne. Serikali ya Cameroon ilisema ni uzushi.

BBC Africa Eye ilifanya uchunguzi kwa msaada wa watu waliojitolea mtandaoni, wengine wakikutana Twitter tu. Hawakuanza na sura za wauaji. Walianza na mlima unaoonekana nyuma yao. Wakaulinganisha kilele kwa kilele na picha za setilaiti, hadi safu ile ikalingana na milima ya karibu na Zelevet, jirani na mpaka wa Nigeria.

Kisha wakatafuta wakati. Jengo lililomo kwenye video lilionekana kwenye picha za setilaiti za awali. Kufikia Februari 2016 halikuwepo tena. Vivuli vya askari vikapimwa, jinsi wazee wetu walivyosoma saa kwenye kivuli cha mti. Jibu likawa kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Hapo ndipo walipowageukia watu: bunduki, sare, majina ya utani yanayosikika kwenye video, kurasa za Facebook.

Huko Boston, Marekani, Aprili 2013, mambo yalikwenda kinyume. Baada ya mabomu kulipuka kwenye marathoni, watumiaji wa mtandao wa Reddit walianzia kwenye sura. Wakamfananisha kijana mmoja wa pichani na mwanafunzi aliyekuwa amepotea tangu Machi. Familia iliyokuwa ikimtafuta kwa uchungu ikaandamwa kana kwamba imezaa gaidi. Mwanafunzi huyo hakuhusika hata chembe. Mwili wake ulipatikana mtoni siku chache baadaye. Reddit iliomba radhi, lakini jeraha lile la mama mzazi haliponywi na tangazo.

Nayakumbuka haya kila picha ya mtu inapoingia kwenye kundi la WhatsApp na maneno "mwizi huyu, sambaza". Ilipigwa wapi? Lini? Tunaisukuma mbele bila kuuliza, na mtaani kwetu sura ikishaitwa ya mwizi, kipigo hakisubiri polisi.

Kwa mauaji yale ya kwenye video, Cameroon ilitangaza kuwakamata wanajeshi saba. Septemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Yaoundé iliwahukumu wanne miaka 10 jela na mmoja miaka 2. Wawili waliobaki iliwaachia huru.